Birika Lililoazimwa

Wahenga walipotuonya tusikate kanzu kabla mwana hajazaliwa, walikuwa wanawajua watu vizuri. Mkasi ukishapita, kitambaa hakiungani tena. Na mwana asipokuja, kanzu hubaki imening'inia ukutani ikimtazama mwenyewe. Watu wa mji wetu wa Ostby, jimbo la Minnesota, hawavai kanzu. Lakini mkasi wanao, na katika msimu wa mpira wa mwaka 1983 waliutumia mpaka ukawa butu, huku mtu mmoja tu akiwapigia kelele waache. Hata huyo mmoja, tutamwona.

Mpira wenyewe si ule wa mviringo. Ni ule wa umbo la yai, unaochezwa kwa mikono na mabega, wachezaji wamevaa kofia ngumu kama wachimba madini. Anayeuvusha mstari wa mwisho huipatia timu yake pointi sita. Kisha timu hiyo hupewa teke moja la nyongeza, na mpira ukipita katikati ya milingoti ya goli, juu ya mwamba, inapata pointi ya saba. Ni pointi ndogo sana. Watu wengi wakati huo huwa wameshainuka kwenda kununua soseji.

Kocha wa Chuo cha Ostby alikuwa Merle Tostrud, mzee mrefu, mkavu wa maneno, aliyeifundisha timu ile tangu enzi alizokuwa na nywele. Magoti yalikuwa yamemchosha, na alikwisha kutangaza kwamba msimu huo ukiisha anastaafu. Hakutaka sherehe wala sanamu. Alitaka kitu kimoja kabla hajaondoka: kikombe kimoja cha kahawa kutoka kwenye birika.

Birika hilo lilikuwa la kanisa letu. Lilikuwa kubwa la bati, la rangi ya samawati, na mama yake Merle ndiye aliyekuwa akilishika kila Jumapili katika ukumbi ulio chini ya kanisa, akiwamiminia watu kahawa baada ya ibada. Siku moja watu wa Kessel, ng'ambo ya mto, waliliazima kwa ajili ya harusi. Harusi ikaisha, bibi harusi akazaa, watoto wakaanza shule, birika halijarudi. Maneno yakawa mengi mpaka wazee wa pande zote mbili wakakubaliana jambo ambalo wazee wenye akili timamu wasingekubaliana: chuo kitakachoshinda mechi ya mwisho ya msimu kati ya Ostby na Kessel kitakaa na birika mwaka mzima. Ikiwa sare, linabaki kwa aliyenalo. Na mechi ikiisha, kocha aliyeshindwa atammiminia mshindi kikombe cha kwanza, mbele ya watu wote.

Ostby iliwahi kulichukua mara chache zamani, kabla ya Merle. Tangu aanze yeye, haijawahi. Kila Novemba alisimama katikati ya uwanja akiwamiminia makocha wa Kessel kahawa kutoka kwenye birika la mama yake, akarudi nyumbani asiseme neno hadi Jumanne.

Sasa mwaka huo timu ikawa nzuri. Ilishinda mechi ya kwanza, ikashinda ya pili, ikashinda ya tatu. Hapo mji ukaingiwa na wazimu. Wanafunzi walipanda kwenye tangi la maji la mji wakaandika kwa rangi nyekundu, herufi ndefu kuliko mtu, BIRIKA LINARUDI NYUMBANI. Mechi ya Kessel ilikuwa bado miezi miwili mbele. Merle aliliona tangi asubuhi akienda kazini, akasimamisha gari katikati ya barabara, akakaa humo akiliangalia mpaka wa nyuma yake wakaanza kupiga honi.

Wiki iliyofuata alishuka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kumtafuta mkewe, Arlys, akamkuta yeye na akina mama wenzake wamesimama mbele ya rafu mpya ya mbao yenye mlango wa kioo. Seremala alikuwa bado anapanguza vumbi la msasa.

"Hii nini?" akauliza.

"Rafu," Arlys akajibu.

"Ya nini?"

"Merle, usijifanye hujui. Tumepima kabisa. Upana unatosha na mpini."

"Mmepima kwa birika gani? Birika liko Kessel."

"Tumepima kwa kumbukumbu," akasema mama mmoja, na wenzake wakacheka.

"Basi wekeni na kahawa ya kumbukumbu," akasema Merle, akapanda ngazi akigonga kila kipandio kwa kisigino. Akina mama wakaendelea kubishana kuhusu pazia.

Lakini kati ya wote waliomchemsha damu, hakuna aliyemfikia Orrin Skaar. Huyu alikuwa kinyozi wa mji, rafiki wa Merle tangu utotoni, na kila Jumamosi ndiye aliyekaa kwenye kibanda cha juu kuendesha ubao wa matokeo. Katika mechi ya tano Merle aligundua jambo. Ostby ikipata pointi sita, ubao ulikuwa unaandika saba papo hapo, kabla mpigaji hajaingia uwanjani. Mechi ilipoisha alipanda ngazi za kibanda, magoti yakilia, akafungua mlango bila kubisha.

"Orrin, kwa nini unaandika pointi ambayo haijapatikana?"

"Si itapatikana?"

"Ikipatikana, andika."

"Ndugu yangu, Dale hajakosa hata teke moja tangu msimu uanze. Mimi nawapunguzia watu kungoja tu."

"Nani amekuambia wamechoka kungoja?"

"Merle, hebu kaa, unahema kama ng'ombe." Orrin akamsogezea kiti. "Sikiliza. Siku Dale akikosa, nanyoa kipara. Kwa mkono wangu mwenyewe. Na sivai kofia mpaka Krismasi."

Anayejua Desemba ya Minnesota anajua kwamba hicho kilikuwa kiapo kizito. Orrin alikuwa na nywele nyingi, nyeupe, alizokuwa akizichana hata akiwa peke yake. Merle hakukaa kwenye kiti. Alimwambia kwamba yeye hataki kichwa cha mtu, anataka hesabu iliyo sawa, akashuka. Jumamosi iliyofuata ubao ukaandika saba vilevile, na Dale akapiga, ikapita, na Orrin akampungia Merle mkono kutoka dirishani kama mtu aliyeshinda kesi.

Ndivyo msimu ulivyokwenda. Mwokaji mikate alitangaza keki ya umbo la birika. Mchungaji akaanza kuhubiri juu ya birika linalorudi nyumbani. Mkuu wa chuo alichagua siku ya maandamano na kumwalika mwenye trekta la kuvuta jukwaa. Merle alikwenda kwa kila mmoja wao kumwomba angoje, na kila mmoja alimpigapiga begani akamwambia apumzike, amefanya kazi kubwa. Inachosha hata kusimulia. Mtu anapiga kelele nyumba inaungua, wenzake wanamsifu kwa sauti nzuri.

Asubuhi ya mechi ya Kessel kulikuwa na upepo wa kaskazini na theluji nyepesi. Merle alitoka nyumbani, akafika kwenye gari, akarudi. Arlys alimsikia akifungua kabati la vyombo.

"Umesahau nini?"

"Miwani."

"Iko puani."

"Ah," akasema Merle, akafunga kabati, akatoka tena.

Kwenye chumba cha wachezaji hakutoa hotuba ndefu. Aliwatazama vijana wake, wamekaa na mabega yao makubwa ya bandia, akawaambia: "Nje kuna watu wameshashinda mechi hii tangu Septemba. Ninyi bado hamjaicheza. Atakayeshangilia kabla refa hajamaliza kazi yake, nitamkimbiza kuzunguka uwanja huu mpaka theluji iyeyuke. Mwezi wa nne."

Wakacheka, lakini walimwelewa. Dale Nyquist, yule mpigaji, mtoto wa wafuga ng'ombe wa maziwa, kijana wa maneno machache, alikuwa ameukunja mguu wake wa kulia ndani ya blanketi ili usipoe.

Mechi ilikuwa ngumu tangu mwanzo. Kando ya uwanja, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, birika lilikaa likitoa mvuke, limejazwa kahawa na watu wa Kessel kama ilivyo desturi ya anayelishikilia. Wachezaji wawili wa akiba wa Kessel walisimama kulilinda. Merle hakulitazama, au alijitahidi asilitazame. Kessel waliongoza ishirini kwa kumi na nne hadi dakika ya mwisho, na dakika ya mwisho Ostby wakaanza kusogea mbele, kidogo kidogo, wakianguka na kuinuka, hadi saa ikiwa imebakiza pumzi moja mbeba mpira wao akajitupa juu ya rundo la watu na kuangukia ng'ambo ya mstari. Saa ikaisha akiwa bado hewani. Refa akainua mikono yote miwili.

Pointi sita. Ishirini kwa ishirini. Kanuni iko wazi: hata saa ikiisha, teke la nyongeza linapigwa. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea goli lile lile. Dale angeweza kulipiga teke hilo kwa kiatu cha ibada.

Lakini juu kwenye kibanda Orrin alishabonyeza. Ubao ukaandika OSTBY 21, KESSEL 20, na saa sifuri.

Kengele ya chuo ikaanza kulia. Wanafunzi wakamwagika uwanjani kutoka pande zote. Vyuo vya kwetu vina desturi moja ya kipuuzi: ukimshinda mpinzani wako mkubwa, unaangusha goli, unalibeba mabegani kupitia mjini, unalitupa mtoni. Vijana wakaparamia milingoti kama nyani, wakaitikisa, chuma kikalia, goli likalala. Dale alikuwa amenyanyuliwa juu na watu asiowajua, akipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia, akielekeza kidole kwenye goli linaloondoka.

Na Merle? Hapo ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu nilimpenda mtu huyu. Kocha aliyekuwa na akili zake wakati ule angewapanga wachezaji wake mstarini mara moja, na wanafunzi, wakiwaona wamejipanga, wangesita. Muda ulikuwepo. Merle aliinua macho, akaiona namba ishirini na moja, namba ya Orrin, namba aliyoigombeza msimu mzima, akaiamini. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa kikombe cheupe cha bati chenye ukingo wa samawati, kikombe cha mama yake, akaanza kutembea kuvuka uwanja kuelekea mezani, akisukumwa huku na huku na watu, akitabasamu. Hatukuwahi kuyaona meno ya Merle Tostrud siku ya mechi.

Kocha wa Kessel, Leo Dirksmeier, alikuwa amesimama mezani. Alikuwa mtu wa adabu. Alikitazama kikombe, akamtazama Merle, akaweka mkono kwenye mpini wa birika bila kuliinua.

"Ningekumiminia kwa moyo safi, Merle," akasema. "Lakini teke bado."

"Teke gani?"

"La nyongeza. Ni ishirini kwa ishirini. Mimi nimehesabu kwa vidole, ubao wenu siutazamagi."

Merle aligeuka. Goli lilikuwa linapita langoni juu ya vichwa vya watu, limelala kifudifudi, na mpiga tarumbeta ametangulia mbele. Aliita. Aliita tena kwa sauti iliyowahi kusimamisha wanaume wenye uzito wa fahali, lakini kengele ilikuwa inalia na hakuna aliyegeuka. Refa akamfikia akiwa bado ameshika kikombe.

"Kocha, goli lenu liko wapi?"

"Linakwenda mtoni."

"Nani amelituma?"

Refa alikitazama kikombe kwa muda, halafu akaangalia pembeni, kwa heshima.

Ilichukua muda mrefu kuwatoa watu uwanjani, mpaka taa zikawashwa. Refa akatoa uamuzi wake: teke litapigwa kwenye goli la upande wa pili, lililobaki limesimama, na kwa kosa la mashabiki kuvamia uwanja, litapigwa kutoka yadi kumi na tano nyuma zaidi. Kanuni inaruhusu pia kuuvusha mpira mstari kwa kukimbia badala ya teke, lakini kutoka umbali ule ilikuwa ndoto. Ilibidi wapige, na upande ule upepo ulikuwa unawajia usoni.

"Kocha," akasema Dale. Blanketi lake lilikuwa limepotea katika vurugu, na alikuwa anauchapa mguu wake kwa kiganja. "Kwenye goli lililoangushwa upepo ungekuwa mgongoni."

"Najua, mwanangu."

"Mguu siusikii."

"Najua. Ni kosa letu, si lako. Piga tu."

Watu elfu kadhaa walikaa kimya, na kimya hicho kilikuwa kimechelewa. Mpira ukarudishwa, ukashikwa, Dale akapiga. Ulipaa vizuri, umenyooka, na wengine wetu tukaanza kuinuka kwenye viti, maana kuna watu hawafundishiki. Kisha upepo ukaupokea. Ukasimama hewani, ukaanza kushuka, ukapita chini ya mwamba na kudunda kwenye theluji. Orrin akabadilisha ubao, polepole, ukasomeka ishirini kwa ishirini. Enzi hizo sare ilikuwa sare, hakuna muda wa ziada. Birika lilibaki kwa aliyenalo.

Leo Dirksmeier alimfuata Merle kando ya uwanja. "Lete kikombe," akasema taratibu. "Nikumiminie tu. Watu wangu hawatasema kitu."

Merle alikitazama. Alikuwa amekishikilia wazi muda wote ule, na theluji ilikuwa imekijaza nusu. "Kimeshapata chake, Leo," akasema. Alikipindua, theluji ikaanguka kwenye kiatu chake, akakirudisha mfukoni.

Jioni hiyo watu walikusanyika kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, kwa sababu chakula kilikuwa kimeshapikwa na kwetu chakula hakitupwi. Kulikuwa na mabakuli ya viazi na nyama ya kusaga, na mikate ya viazi myembamba kama chapati. Katikati ya meza kulikuwa na keki ya umbo la birika, yenye maandishi ya sukari, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuikata. Rafu ya mlango wa kioo ilikuwa tupu, pazia limefungwa vizuri pembeni.

Orrin aliingia wa mwisho. Kichwa chake kilikuwa cheupe, kimenyolewa mpaka ngozi, kikiwa na mikwaruzo miwili na theluji inayoyeyuka juu yake. Alikwenda moja kwa moja mbele ya Merle.

"Nimenyoa," akasema.

"Naona."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Kaa ule, Orrin. Utapata baridi ya ubongo, na huna wa kupoteza."

Watu wakacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Orrin akapata nguvu kwa kicheko hicho, akavuta kiti. "Lakini mwakani, Merle, nakwambia, wale vijana wa mwaka wa pili—"

"Orrin," akasema Merle. Orrin akanyamaza, akakumbuka kwamba kwa Merle hakukuwa na mwakani.

Arlys alikuwa amelichukua koti la mumewe kulitundika. Lilikuwa zito upande mmoja. Akaingiza mkono, akakitoa kikombe mbele ya watu, akakigeuza kwenye taa ili awe na hakika.

"Hiki si cha mama?"

Merle akasukuma sahani yake kando.

"Nilikikosa kabatini mchana. Kwa hiyo hii ndiyo ilikuwa miwani."

"Ndiyo hiyo."

"Umetusema kwa ajili ya rafu," akasema Arlys. Hakupaza sauti. "Umemsema Orrin. Mchungaji umemsema mpaka akashindwa kuhubiri. Na muda wote huo wewe unakwenda na kikombe mfukoni."

"Leo tu," akasema Merle. Akafuta uso kwa kiganja. "Leo tu ndiyo nilikibeba. Nilidhani sitakitoa mpaka mwisho. Halafu nikaiona ile namba, Arlys. Nilikuwa nimeingoja sana."

Hakuna aliyemcheka. Arlys alisimama naye kidogo, mkono mmoja begani kwake, kisha akaenda kwenye rafu mpya, akafungua mlango wa kioo, akakiweka kikombe ndani, katikati, pale palipopimwa kwa kumbukumbu. Kilionekana kidogo sana humo. Baadaye akamletea mumewe kahawa kwenye kikombe cha karatasi, kutoka kwenye chombo cha umeme cha kanisa, na Merle akainywa yote bila kulalamika, ingawa ilikuwa mbaya.

Goli lilitolewa mtoni barafu ilipoyeyuka. Maandishi kwenye tangi la maji yalipakwa rangi nyeupe mara mbili, lakini jua likiwa upande fulani bado yanasomeka, na watoto wa siku hizi huuliza ni birika gani hilo linalorudi nyumbani. Tukiulizwa, huwapeleka chini ya kanisa tukawaonyesha kikombe kilichokaa peke yake kwenye rafu iliyojengwa kwa ajili ya kitu kingine, na hatuna la kuwaambia zaidi ya lile walilokwisha kulisema wahenga: usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa.